Mti wa Talha

Najma alikuwa amekaa eda nyumbani kwao Boko, na kazi aliyokuwa akiifanya na marehemu mumewe ilimfuata humo humo ndani. Talha ndiye aliyekuwa akiingia porini kuchuma majani. Najma alikuwa akizisoma jeni zake maabara. Kilichobaki sasa ni kuipanga ile mifuatano ya jeni na kuituma kwenye kanzidata ya umma, aisome yeyote duniani anayetaka, kila mmoja ukiwa na jina la mchumaji.

Kulikuwa na mfuatano mmoja alioutamani uingie kuliko yote. Ulitoka kwenye mti ambao Talha aliukuta katika kichaka cha Chamazi, akarudi na matope hadi magotini, akiapa kwamba hajapata kuuona popote.

Asubuhi moja wahakiki wa kanzidata, aliowatangulizia yote waikague, wakamjibu. Mingine ilikuwa sawa. Ule wa Chamazi haukuwa wa mmea. Ulikuwa wa ukungu ulioota juu ya jani.

Najma akaulinganisha upya mwenyewe. Walisema kweli. Akampigia Fredrick, mwenzao wa maabara.

"Lile jani la Chamazi limebaki hata kipande?"

"Lilikwisha, sista. Tulilisaga lote."

"Basi kachume jingine."

"Nilishapita kule. Pamepimwa viwanja. Wamefyeka pote, watu wanachimba misingi."

Najma akakata simu. Angeuacha ulivyo, watu wangedanganyika, na Talha hakuwa mtu wa kudanganya. Akaufuta. Akatuma iliyobaki.

Mama mkwe wake, Bi Tunu, aliyekuja kukaa naye eda ile, akaingia na bakuli la uji.

"Umeshapeleka, mwanangu?"

"Nimepeleka, mama."

"Na ule mti wake wa Chamazi umo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza. "Haumo, mama. Jani lilikuwa na ukungu. Na mti wenyewe wameukata."

Bi Tunu akaliweka bakuli chini taratibu. "Lakini aliuona."

"Aliuona."

"Alinieleza maua yake. Meupe, madogo hivi." Akaonyesha kwa vidole.

Najma hakuwa na habari ya maua. Talha alipomletea jani, yeye aliuliza tu kama limekauka vizuri. Akataka kumuuliza Bi Tunu kama yalinukia, akajikuta analia. Wakalia wote wawili, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake.