Yai la Ijumaa Kuu

Bibi Leontina alikuwa na miaka sabini na moja, na tangu usichana wake hakuwahi kutia kitu kinywani siku ya Ijumaa Kuu, hata tone la maji. Kijijini kwao hilo halikuwa jambo la kujivunia. Ndivyo watu walivyoishi. Leo alikuwa jikoni, mchana kweupe, akikaanga yai kwa siagi.

Yai lilikuwa la Ilinca, mjukuu wake wa miaka kumi na saba. Romania nzima ilimjua. Tangu ana miaka sita aliimba nyimbo za kienyeji kwenye televisheni, na blauzi yake ya tarizi na mashavu ambayo kila mtu alitaka kuyaminya. Alipofika miaka kumi na tatu, mtayarishaji mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba mkanda wa kiunoni haumtoshi tena. Kwaresima ile Ilinca akafunga. Pasaka ikaja ikapita, yeye bado kafunga. Na nani alikuwa akimsifu? Bibi huyuhuyu. "Mjukuu wangu anamshinda padri!" alitamba kanisani. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini mtoto huyu hakuficha kitu. Alikwisha kwa kukonda mbele ya macho ya nchi nzima, wakamwita mtakatifu.

Sasa alikuwa ametoka hospitali na mwili umeanza kurudi. Daktari alisema asiruke mlo hata mmoja, kwa sababu yoyote ile. Ugonjwa ukirudi, moyo wake hautastahimili. Padri naye alishampa ruhusa ya kula leo.

"Ilinca, mama, njoo ule."

Msichana akaja, akaketi, akalitazama yai.

"Bibi, leo hakuna mtu anayekula."

"Wewe unakula. Padri kasema."

"Padri hapigwi picha Jumatatu. Watu wa televisheni wanakuja kutoka Bukaresti, na wanataka nivae blauzi ileile."

"Si washone nyingine! Kwani blauzi ndiyo inayoimba?"

Ilinca akacheka kidogo. Akashika uma, akakata kipande. Bibi aligeukia jiko ili asionekane anatazama.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Veta, jirani, na maua yake mkononi, anaelekea kanisani.

"Leontina, twende bwana, tutakuta watu wamejaa!" Akanusa. "He! Siagi? Leo?" Kisha akamwona msichana. "Aa, kumbe ni ya huyu. Ilinca wetu! Hebu ona mashavu yalivyorudi! Ulikuwa umebaki mifupa, sasa umenona, umependeza. Ptu, ptu, jicho baya likupite!"

Alisema kwa upendo mtupu, akaenda zake. Ilinca aliuweka uma chini polepole.

"Umemsikia?"

"Veta hana akili. Kula."

"Amesema nimenona."

"Ilinca, utanifia humu ndani!" Sauti ya bibi ilipasuka. "Unanisikia? Utanifia, na mimi ndiye nitakayekuosha."

Yai lilikuwa linapoa. Bibi Leontina aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa Mungu. Mimi ndiye niliyempigia makofi akifunga, alijisemea, basi na mimi ndiye nitakayemfungulisha. Akavuta kiti, akaketi, akauchukua uma wa mjukuu wake.

"Haya. Kama ni dhambi, tuitende sote wawili."

Akala. Siagi ilimjaa mdomoni, akatafuna huku machozi yakimtiririka, akameza kwa shida. Nje watu walipita kuelekea kanisani na matumbo matupu, wazee kwa watoto. Akakata kipande cha pili, akakila. Kisha akaisukuma sahani mbele ya Ilinca na kumwekea uma mkononi.

"Umeona? Sasa wewe, mama. Kidogo tu."

Ilinca hakuitazama sahani. Alikuwa anautazama mdomo wa bibi yake, mafuta yaliyobaki kwenye midomo. Uso wake ulichangamka taratibu, ukawa na nuru ambayo bibi hakuwa ameiona tangu mjukuu atoke hospitali, na bibi akadhani amempata.

"Umeshindwa, Bibi," alisema kwa upole, na kuirudisha sahani. "Mimi bado nimefunga."