Ndevu za Kiazi

Bwana shamba alishasema, na majibu ya maabara yakamuunga mkono: shamba la Hanife halikupauka kwa kukosa mbolea. Ni virusi, vimo udongoni, na havitoki miaka nenda miaka rudi. Pale Konya ugonjwa huo huitwa kuota ndevu, maana kiazi cha sukari, kile cha kuuzwa kiwandani kikamuliwe sukari, hukonda mkia kikajaa vinywele kama kidevu cha mzee.

Sasa atamwambiaje Rıfkı? Mumewe yu kitandani, kisukari kimemla macho, hana siku nyingi, na kila asubuhi hudai kiazi akipapase. Hanife akachukua kisu, akakinyoa kiazi kimoja huku machozi yanamtoka.

Rıfkı akakizungusha mkononi. "We Hanife! Kila Ijumaa unaninyoa, mkono wako naujua. Na hiki umekinyoa?"

"Aa, nawe! Nimekimenya tu."

"Kina ndevu." Akausugua mkia kwa kidole gumba. "Ni ule udongo."

Kweli ni ule. Mwaka mmoja, kiwandani, viazi vya kila mtu vilipokung'utwa udongo mizanini, Rıfkı alikataa katakata kuuacha udongo wake kwa wageni. Alijaza trela akaurudisha nyumbani, kumbe umechanganyika na wa mashamba ya watu asiowajua. Walimcheka, naye akafurahi kama aliyemrudisha mwana. Na maji ya shamba lake huteremkia kwa jirani yao, Durmuş.

"Niitie Durmuş," akasema.

Durmuş akaingia na utani wake. "Kaka, bado upo tu? Malaika nao hawakutaki?"

"Durmuş, shamba lako nimeliua mimi, kwa udongo ule. Nihalalishie, ndugu yangu, nisiende na haki yako shingoni."

Utani ukamkauka mdomoni. Shamba hilo ndilo alilowagawia wanawe wawili masika ya mwaka huohuo. Akakitazama kiazi, akavaa viatu, akatoka.

Rıfkı alikufa Jumanne. Mpaka mwisho, kila mlango ulipolia aliuliza, "Ni yeye?"

Mbele ya jeneza imamu akauliza mara tatu, kama ilivyo ada: "Mnamhalalishia haki zenu?"

"Tumemhalalishia!" wanaume wakaitika.

Hanife, nyuma kabisa, alitega sikio. Sauti nene ya Durmuş angeitambua popote, wala hakuisikia. Mara ya tatu alimwona, ukingoni mwa safu, akifumbua mdomo, kisha akaufumba.