Kura za Nyuma ya Khanga

Huku kwetu Nkunga mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hasemi akamsikia. Mimi Tulia, mkwe wangu ni Ambindwile, na Ambindwile ndiye mwenyekiti wa kijiji. Basi habari za mikutano huletewa na mume wangu, ambaye husahau nusu.

Lakini safari hii mkutano ulihusu chemchemi yetu ya bondeni. Enzi hizi za ruksa, mwenye pesa hujichukulia atakacho, na tajiri mmoja wa mjini alitaka bonde lote alime chai, alizungushie waya. Wanaochota maji ni sisi wakamwana. Wazee kazi yao kuyanywa. Nilichanganyikiwa. Nina mimba kubwa, na chemchemi ikifungwa maji ni ya mtoni tu, na mteremko wa kwenda huko unavunja miguu.

Siham, mke wa Farhan fundi cherehani, ndiye aliyetupa akili. Yeye wakwe zake wako Tanga, hapa hana wa kumkwepa. Siku ya mkutano tulitundika khanga kukata katikati darasa la shule wanamokutania, tukakaa nyuma yake; Siham akasimama mbele, tukawa tunamnong'oneza naye anasema.

"Wazee wangu, fumbeni macho," alisema. "Ni Oktoba, kiangazi, na bonde lina waya. Mkeo kaenda mtoni tangu asubuhi. Jua linatua, mtoto analia, hajarudi. Unafanyaje?"

Wakacheka. Kisha mmoja akasema, "Namfuata."

"Ukikuta ndoo peke yake?"

Kicheko kikakatika. Wanaume wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na mimi huko nyuma nikawasikiliza. Niliona tumeshinda.

Ambindwile akaitisha kura za mikono. Waliokubali tajiri apewe bonde wakawazidi waliokataa kwa mikono mitano. Mitano tu! Na sisi zaidi ya ishirini tulikuwa tumeinyoosha yetu kukataa, nyuma ya khanga, asiione mtu. Maneno yote tuliyapanga, kura hatukuifikiria.

Nikaivuta khanga, ikaanguka.

Ambindwile akajifunika koti kichwani. Wazee wenzake wakageukia ukuta, kama adabu inavyotaka, kila mmoja akimkwepa mkamwana wake. Vijana walituona vizuri, lakini nani ahesabu kabla ya mwenyekiti?

"Hesabuni!" Siham alipiga kelele. "Jamani, hesabuni!"

"Kura ni zile nilizoziona," mkwe wangu akasema ndani ya koti. "Bonde limekwenda."

Nililia kwa sauti mbele ya baba mkwe, mkono bado juu, na hata hilo alijifanya hakulisikia.