Tiki Arobaini na Mbili

...na zote zimelala upande mmoja, tiki arobaini na mbili kwa wino mmoja wa bluu, hata mtoto wa darasa la pili asingefanya upuuzi huu, na yeye ni mwalimu wa miaka thelathini kazini, aliyekuwa akifungua daftari tu anajua kazi ya wiki nzima imefanywa asubuhi hiyo hiyo mlangoni, leo amekaa kwenye kitanda cha kliniki, gauni limepandishwa, goti limetuna kama mkate, na yule binti wa mazoezi ya viungo ameishika karatasi yake ya mazoezi, anasema, "Mwalimu, hongera, hukukosa hata siku moja," hongera, jamani, si angemzaba kibao tu yakaisha... wiki sita, kila siku kukaza paja, kuinua mguu, kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, na amefanya siku ngapi, nne, tano akijihurumia, maana siku ya tano goti lilisema ka, alilisikia kwa masikio yake, mfupa unasaga mfupa, na kinachosagika huisha kama chaki, sasa mwenye kipande cha mwisho cha chaki ataandika ovyo? akakitunza, akakaa, na mumewe naye, Mungu ambariki, akamletea kigoda cha kuwekea mguu, pumzika mama watoto, umesimama ubaoni vya kutosha, nani akatae huruma kama hiyo, na dada yake kwenye simu, huo uzee, uzee hauna dawa... na ile fimbo ya kutembelea waliyompa, iko nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na fagio, atapita nayo vipi mbele ya watu aliowafundisha kusimama wima, "...nilikwambia, kuuma kidogo mwanzoni si kwamba unaliharibu," binti anasema, alimwambia? labda, siku ile alikuwa akilisikiliza goti, si binti, "...lakini kama umefanya yote haya na ngazi bado zinakushinda, basi mazoezi hayajakusaidia, mama, nakuandikia uende kwa daktari wa upasuaji," anavuta fomu, anafungua kalamu, na mwalimu anaona kisu, mama yake mzazi aliingia chumba cha upasuaji akiongea habari za kuku wake, akatoka amefunikwa shuka, na yeye anapelekwa kisuni na tiki zake mwenyewe, njia ya mwongo ni fupi, aliwaandikia ubaoni kila mwaka, sema basi, sema sijafanya, neno moja tu... lakini anamkumbuka yule msichana wa dawati la mbele aliyemfuata kabla kengele haijalia, mwalimu, sijafanya, niliogopa nitakosea, na yeye alimfanya nini, alimpigisha magoti kipindi kizima, sakafu ya saruji, magoti, ee Mola, na tangu siku ile darasa zima likaleta madaftari yaliyojaa, akajisifu kwamba sasa wanasoma, kumbe aliwafundisha kuogopa, na yeye ndiye aliyeiva katika somo hilo kuliko wote... anamtazama binti, binti huyu hajampigisha mtu magoti, tena wiki ile ya kwanza alisema jambo, lilikuwa nini, ukishindwa niambie tupunguze, ndiyo, tupunguze, alisema sisi, na mwalimu akaitikia vizuri kama wanavyoitikia wasioelewa... kalamu imefika kwenye mstari wa jina, haijagusa, goti linauma vile vile, tiki zimelala vile vile, anaona aibu, anaona aibu kweli, lakini haogopi tena kama alivyoogopa dakika moja iliyopita, na sauti inayomtoka ni ile ile ya chumba cha mtihani, iliyompa jina la utani shule nzima, ila safari hii inatetemeka, "Mwanangu, kalamu chini."