Bei ya Saa Tisa

Wafanyakazi wote wa bustani ya michezo walimwita Mama Dirisha, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha tiketi miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na saba kati ya hiyo bei ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao juu ya kichwa chake: mkubwa elfu nne, mtoto elfu mbili. Mtu aliweza kuisoma akiwa ng'ambo ya barabara, akapiga hesabu yake, akavuka au akageuka. Mama Dirisha hakuhitaji kumweleza yeyote chochote.

Kisha ubao ukashushwa, ikawekwa skrini, na bei ikaanza kutembea. Jumatatu asubuhi mkubwa elfu tatu, Jumamosi elfu nane, na sikukuu isiyo na mvua elfu kumi. Iliweza kubadilika mara mbili kabla ya adhuhuri. Meneja, kijana mpole aliyependa kukunja mikono ya shati, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwamba kompyuta ya makao makuu inaangalia wangapi wananunua, saa ngapi, wangapi wanaulizia kwa simu, na hali ya hewa ikoje, halafu inapanga bei yenyewe.

"Hakuna mtu anayeipandisha," alisema. "Wateja wenyewe ndio wanaoipandisha bila kujua."

Kipenga, mlinzi wa lango, akanong'ona, "Kwa hiyo wote wakilala nyumbani itakuwa bure."

Watu walicheka. Dirishani, hata hivyo, hapakuwa na cha kuchekesha. Baba wa watu alikuja na noti zimekunjwa mfukoni, zimetimia sawasawa kwa bei aliyoambiwa na jirani, akakuta zimepungua kabla hajazitoa. Mwingine alipanga foleni akiwa wa ishirini, na skrini ikabadilika akiwa wa tatu. Mama Dirisha alianza kuona sura ambayo hakuwahi kuiona miaka yote ile: mzazi anawatazama wanawe mmoja mmoja, kama anayechagua. Sura hiyo ilimfuata mpaka nyumbani.

Lakini mtu anayekaa mahali pamoja akitazama huona mengi. Baada ya miezi kadhaa aligundua kwamba kila siku ikifika saa tisa alasiri, bei huanguka karibu nusu. Bustani ilifungwa saa kumi na mbili, na ni wachache waliotaka kuingia kwa saa tatu tu. Siku moja akaja bibi mmoja na mjukuu wake, bei ikawashinda. Mama Dirisha aliinama hadi kwenye tundu la kioo akasema chini chini, "Mama, kakaeni pale ukutani, kivulini. Mrudi saa tisa."

Walirudi, wakaingia kwa nusu bei. Jioni walipotoka, yule bibi alipitisha vidole kwenye tundu la kioo akamshika mkono.

Baada ya hapo hakuweza kunyamaza tena. Aliwaambia waliokuwa wamebeba watoto mgongoni, waliotoka mbali, waliomeza mate wakiangalia skrini. Nao wakawaambia wenzao. Ukuta mfupi mkabala na lango ukapata wakazi wake. Watu walikuja saa nane na nusu na vikapu vya chakula, wakatandika khanga, wakasubiri. Muuza maji akahamishia ndoo yake hapo kutoka stendi. Kipenga aliwaita "wabunge", kwa sababu, alisema, kazi yao ni kukaa na kungoja kengele.

Mume wake, ambaye alikuwa seremala, alimsikiliza akisimulia hayo huku akipiga msasa mguu wa meza.

"Wahenga walisema tenda wema nenda zako," alimwambia. "Wewe unatenda halafu unabaki umekaa pale pale kwenye kiti. Siku wema ukikutafuta utakukuta."

"Ukinikuta unifanye nini?"

"Mimi sijui. Mimi nachonga meza."

Ikaja Jumamosi ya kwanza ya likizo ya shule. Saa tano asubuhi dirishani alisimama fundi bomba, bado ana doa la gundi ya mabomba kwenye kidole gumba. Nyuma yake walikuwa mkewe, watoto watatu, na mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Skrini ilisema mkubwa elfu nane, mtoto nusu yake.

"Mama, nina elfu ishirini na tano," fundi alisema. Hakulalamika. Alisema kama anavyosema mtu kwa daktari. "Kesho naenda kwenye kazi ya mkoa wa mbali, miezi minne. Niliwaahidi hawa tuingie wote."

Mama Dirisha alijua kwa wote sita itafika thelathini na sita. Alijua pia kwamba saa tisa ingekuwa kumi na nane, na chenji ya kula ingebaki. Akainama kwenye tundu.

"Baba, msiingie sasa. Kaeni ukutani, saa tisa mje. Mtaingia wote."

"Una hakika?"

"Nipo hapa miaka kumi na tisa."

Fundi aligeuka akaiambia familia yake, na mama yake akaanza kutoa vitu kwenye ule mkoba: sufuria lenye mfuniko, sahani, mto. Walikaa. Saa sita jua lilipokula kivuli cha ukuta walisogea, na saa saba wakasogea tena. Mtoto mdogo alilia, akalala, akaamka, akauliza, akalia tena. Kila Mama Dirisha alipotupa jicho aliwaona palepale, na kila mara fundi alimpungia mkono kidogo, kama watu wanaofahamiana.

Kufika saa tisa kasoro dakika tano ukutani walikuwa watu zaidi ya arobaini. Walikunja khanga zao wakapanga foleni, fundi bomba akiwa wa kwanza. Mama Dirisha aliangalia skrini. Saa tisa kamili ikapepesa, na ile nane ikawa tisa.

Alidhani macho yake yamechoka. Alifuta kioo kwa kiganja. Elfu tisa. Akashika simu ya mezani akampigia meneja.

"Mashine imeharibika. Imepanda badala ya kushuka."

"Haijaharibika, mama," meneja alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulitegemea swali hilo. "Kwa wiki nyingi sasa wanaonunua saa tisa wameongezeka mara tatu. Leo ni likizo, wamezidi hata hapo. Imejifunza."

"Imejifunza kwa nani?"

"Kwa watu wanaokuja saa tisa."

Aliweka simu chini taratibu. Nje ya kioo fundi alikuwa ameshazitoa noti, amezinyoosha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi kabisa: mashine imeharibika, poleni, njooni siku nyingine. Hakuna ambaye angebisha. Wote wangeilaani mashine wakaenda zao, na yeye angebaki kuwa yule mama mwema wa dirishani.

Alichukua funguo, akafunga droo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kipenga alishtuka kumwona; katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akitoka saa za kazi ila kwenda msalani. Mama Dirisha alizunguka kibanda akasimama mbele ya foleni. Bila kioo kati yao alijiona mfupi.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ndiye niliyewaambia msubiri. Wengine niliwaambia mwenyewe, wengine mmeambiwa na niliowaambia. Leo haijashuka, imepanda. Ni elfu tisa."

Manung'uniko yakapita kwenye foleni kutoka mbele hadi nyuma.

"Itashuka saa kumi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Sidhani."

"Mbona wiki iliyopita ilishuka?"

"Ilishuka kwa sababu saa hii hapakuwa na watu. Tukaizoea, nayo imetuzoea. Nimewapotezea siku. Nisameheni."

Wengine waliondoka hapo hapo wakiwavuta watoto kwa mikono. Wengine walibaki wakihesabu. Kijana mmoja alisema maneno machafu, Kipenga akamsogelea, Mama Dirisha akamzuia kwa mkono. Fundi bomba alisubiri mpaka waliomzunguka wapungue.

"Mama," alisema, "saa tano ningeweza kumwingiza mke wangu na watoto, chenji ikabaki, wangekuwa wameshacheza mpaka wamechoka. Sikuikasirikia bei. Bei sikuwahi kuiamini. Wewe nilikuamini."

Hilo lilimwingia kuliko tusi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sare yake, mlimokuwa na pesa zake za matumizi ya wiki.

"Baba, acha niongezee hii, muingie wote."

"Hapana."

"Ni kosa langu."

"Najua ni lako," fundi alisema, bila ukali. "Lakini watoto wataniuliza nimepata wapi, na mimi siwadanganyi."

Mama yake alidakia, "Huyu na marehemu baba yake hawakopesheki. Ukimpa maji atataka risiti." Kisha akamwambia mwanawe, "Waingize hao. Mimi magoti haya hata bure yasingepanda kule."

Mama Dirisha alirudi kibandani akakata tiketi nne: mama mmoja na watoto watatu. Mtoto mkubwa, msichana wa kama miaka kumi, alimtazama baba yake kwa muda mrefu kabla ya kupita langoni. Fundi akamwambia ashike mkono wa mdogo wake.

Alipokabidhi zamu saa kumi na moja, Mama Dirisha hakwenda kituo cha basi. Alivuka akakaa ukutani, mahali palipoachwa kati ya fundi na mama yake. Juu ya uzio gurudumu kubwa lilizunguka polepole, vikapu vyake vikipanda na kushuka.

"Wale kule si wetu?" bibi aliuliza, akifinya macho.

"Wale ni wengine, mama," fundi alisema. "Wetu wataogopa kwanza."

Akamwuliza Mama Dirisha kama lile gurudumu lina mabomba ya mafuta au ya maji. Alimjibu kwamba hajui, hajawahi kulipanda. Fundi alimwangalia kwa mshangao, na hapo hasira yake ikalegea kidogo, ingawa haikuisha. Watoto walipotoka saa kumi na mbili wakisema wote kwa pamoja, aliwasikiliza kila mmoja kwa zamu, akauliza maswali, akataka kujua hofu ilianzia tumboni au miguuni. Waliagana na Mama Dirisha kwa heshima. Hakuwaona tena.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa meneja kabla ya kufungua dirisha. Alimweleza yote.

"Nilijua, mama," meneja alisema. "Tangu wiki ya pili."

"Mbona hukunikataza?"

Meneja alikunjua mkono wa shati, akaukunja tena. "Saa tisa ilikuwa saa iliyokufa. Uliifufua. Makao makuu walinipigia kunipongeza."

Mama Dirisha alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kupongezwa hakukuwa akilini. Akasema, "Basi mniombee jambo moja huko huko wanakopongeza. Mtu akishasimama kwenye foleni, bei aliyoikuta isimkimbie. Mpeni kikaratasi chenye bei na saa. Aende akahesabu, akaongee na mwenzake, akirudi ndani ya saa moja alipe hiyo hiyo."

"Watakataa."

"Waulize."

Walikataa mara mbili. Mara ya tatu meneja aliandika kwamba wanaoona bei ikibadilika wakiwa kwenye foleni huondoka na hawarudi, akaambatanisha hesabu, na hizo zilieleweka. Vikaratasi vilianza kutoka mwezi uliofuata. Bei iliendelea kutembea vilevile, Jumamosi ikabaki Jumamosi, na ukutani hapakuwa tena na watu. Muuza maji alirudisha ndoo yake stendi.

Mama Dirisha hakumnong'oneza mtu tena. Kazi ngumu zaidi ikawa neno dogo ambalo hakuwahi kulihitaji wakati wa ubao. Asubuhi moja mwanamke aliyebeba mtoto kiunoni aliinama kwenye tundu akauliza, "Mama, nikisubiri itashuka?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kweli sijui. Ila hii ya sasa nitakuwekea kwa saa moja."

Akampa kikaratasi. Mwanamke alikisoma mara mbili, akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akasogea pembeni kumpigia mumewe simu. Mama Dirisha akamwita anayefuata.