Mapezi Yasiyobana Mguu

Msuli wa Flaviana ulipokaza majini kwa mara ya tatu, Léoncie alimshika kwapani, akamvuta hadi kwenye ngazi ya bwawa, akamvua miguuni mapezi yote mawili ya kuogelea na kuyatupa sakafuni.

"Haya si yako," alisema. "Nani alikupa?"

Flaviana alikuwa ameyaazima kwa mwanamume mmoja aliyefanya naye kazi maabara. Yalikuwa marefu, meusi, magumu kama ubao, na pa kuingizia mguu palikuwa papana hata ikambidi avae soksi mbili. Kila alipopiga teke kisigino kilichomoka, vidole vikajikunja ili kulizuia pezi lisitoke, na baada ya dakika kumi kigimbi kilikuwa kimekakamaa, hakikunjuki.

"Nitayazoea," alisema huku akijikanda mguu.

"Hakuna kuzoea hapo. Mapezi yakikusumbua, akili yote inashuka kwenye miguu. Na yule unamutafuta unamupita."

Ilikuwa Machi 2019, katika bwawa la kuogelea la Fort Worth, huko Marekani, ambalo Léoncie aliruhusiwa kufundishia siku za Jumamosi. Siku nyingine alifua mashuka ya hoteli. Alikuwa Mrundi wa Rumonge, kando ya ziwa, aliyejifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, na kwa miaka sita alikuwa amejitolea katika kikundi cha wapiga mbizi kinachotafuta watu waliozama. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Walifahamiana kwa njia ambayo Flaviana asingemtakia adui. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoifunika Houston kwa maji, mdogo wake Theodora alikuwa akitoka zamu katika nyumba ya wazee, akirudi kwake Stafford. Alimpigia simu mumewe, Sospeter, akamwambia barabara imefungwa, anazungukia njia nyingine. Hakufika. Flaviana aliendesha gari kutoka Fort Worth kwa saa kumi, akirudishwa huku na kule na maji, akamkuta shemeji yake amesimama kwenye ukingo wa mfereji mkubwa uliokuwa umefurika, ambamo gari la Theodora lilidhaniwa kuzama, amejifunika mfuko wa takataka kuzuia mvua. Siku ya nne mpiga mbizi mmoja alipanda kutoka kwenye yale maji ya kahawia, akavua miwani. Alikuwa mwanamke mweusi, mfupi, mpana wa mabega. Akamsikia Flaviana akimwomba Mungu kwa Kiswahili, akamjia moja kwa moja.

"Dada," alisema, "tumemupata."

Mtayarishaji wa maiti aliwaambia jeneza lifungwe na lisifunguliwe tena. Kwa siku nne katika maji ya joto vile, alisema, hakuna cha kumwonyesha mzazi. Likasafirishwa hivyo hivyo hadi Bukoba, na mama yao akalizika pasipo kuona uso. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, alimpigia Flaviana simu. Aliuliza habari za kazi, habari za baridi, kisha akauliza lile moja.

"Mwanangu, una hakika ni yeye tuliyemzika?"

"Nina hakika, Mama."

"Wewe ulimwona?"

Flaviana hakumwona. Alionyeshwa pete na kovu la mkononi. Alimjibu mama yake kwamba alimwona, akamjibu hivyo kwa mwaka mzima na nusu, mpaka siku moja akaona hawezi tena kukaa na uongo ule mikono mitupu. Ndipo akamtafuta Léoncie amfundishe kutafuta waliozama.

Léoncie alimkataa mara mbili. Ya tatu alikubali, bila kueleza kwa nini.

Jumamosi iliyofuata walikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya kuzamia huko Richardson. Muuzaji, mzee wa Kimarekani mwenye masharubu meupe, aliwasalimu kwa adabu na kuwapeleka ukutani kulikopangwa mapezi ya rangi ya waridi. Haya ni ya kina mama, alisema, mepesi na mazuri. Léoncie alichukua moja, akalikunja kwa kidole gumba, likalala kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Akalirudisha.

"Hii itapiga maji bila kwenda mahali," alimwambia Flaviana kwa Kiswahili. "Ile ya mwanaume inakuvunja mguu, hii inakuchosha bure. Tunatafuta ya katikati."

Akamvalisha kwanza viatu vya mpira, vile ambavyo angevaa majini, kwa sababu, alisema, ukipima pezi kwa mguu mtupu unajidanganya. Mguu wa Flaviana ulikuwa mfupi, mpana mbele, mwembamba kisiginoni. Walijaribu jozi ya kwanza, vidole vikagota mbele. Ya pili ilimbana juu ya unyayo. Léoncie alimketisha, akamwambia anyooshe miguu hewani na kuchezesha vifundo, kisha akamwinamia, akaingiza kidole nyuma ya kisigino kuona kama pana nafasi. Alipima kama daktari. Muuzaji alileta jozi ya nne, ya tano, ya sita. Saa nzima ilipita. Flaviana aliona aibu.

"Dada Léoncie, hii ya nne ilinitosha. Tuchukue twende."

"Ilikutosha ukiwa umeketi. Simama. Inua mguu. Iko nzito?"

"Kidogo."

"Basi hapana."

Ya saba ilikuwa ya kijivu, fupi kuliko zote, bapa lake gumu katikati na laini pembeni, na mkanda wa kisigino ulikuwa wa waya wa kujivuta, uliojikaza wenyewe bila kuuma. Flaviana aliinua mguu, akauzungusha, akahisi pezi linafuata bila kubishana naye. Vidole vilikuwa vimelala bila kujikunja. Alitabasamu, na ndipo akauliza, kwa mzaha tu, kama Léoncie huwatesa wanafunzi wote namna ile dukani.

Léoncie alikuwa bado amepiga goti mbele yake. Hakuinua uso.

"Pale Houston," alisema, "miye nilishuka siku ya tatu. Si ya nne tu. Mapezi yangu yalikuwa yamebebwa na maji, nikaazima ya mwenzangu, ya mwanaume. Nilikuwa nafuata kamba, nimeshapita nusu. Mguu ukakaza. Nikarudi juu, na giza ya mvua ikaingia, mukubwa wetu akasema basi, tutaendelea kesho." Aliulegeza mkanda wa pezi. "Kesho yake nilianzia pale pale nilikomea. Gari ilikuwa hatua kumi mbele."

Flaviana alimtazama utosini, nywele zilizosukwa mistari minne.

"Alikuwa amekufa tangu siku ya kwanza," Léoncie alisema. "Hilo najua. Ila ile siku moja, labda mama angemuona uso."

Flaviana alivua mapezi, akavua viatu vya mpira, akavaa vyake bila kufunga kamba. Alitoka akamwacha Léoncie na yule mzee na maboksi saba yaliyofunguliwa. Aliwasha gari akaenda zake. Léoncie alirudi Fort Worth kwa treni na basi.

Hawakuzungumza kwa miezi mitano. Flaviana alipima damu za watu, akala, akalala. Siku moja ya Julai alikwenda Stafford akamweleza Sospeter yote. Shemeji yake alisikiliza huku akikunja nguo za watoto.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mimi nilikuwa pale siku ya tatu. Nilimwona yule mama akipanda. Alilia mpaka wenzake wakambeba. Nilidhani kalia kwa uchovu." Akaendelea kukunja. "Unataka nimchukie? Nimejaribu kumchukia mtu tangu mwaka ule. Sina nguvu hizo."

Flaviana alimsaidia kukunja. Bado alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pa kukaa. Lakini Agosti alirudi Richardson peke yake, akanunua yale mapezi ya kijivu, na Jumamosi akaingia bwawani. Léoncie alimwona, akaitazama miguu yake, akasema tu, "Anza kwa upande wa kina kifupi." Hawakuligusa tena suala lile. Walifanya mazoezi mpaka Desemba, bwawani, kisha katika ziwa lenye matope ambako mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Februari 2020 kikundi, Flaviana akiwa sasa mmoja wao, kiliitwa kwenye ziwa moja magharibi ya Fort Worth. Mwanamke wa Kikongo, Véronique, alikuwa ameteleza kwenye gati akifuata kofia ya mwanawe, asubuhi ile ile. Maji yalikuwa ya baridi, kina cha mita tano. Familia ilisimama karibu na magari, imejifunika mablanketi, na kati yao bibi mmoja, mama yake Véronique, alikuwa akisali.

Flaviana alishuka wa pili, mkono wa kushoto kwenye kamba, wa kulia ukipapasa tope. Alipiga mateke madogo, polepole, tope lisitibuke. Hakuiwaza miguu yake hata mara moja. Dakika ya kumi na nane mkono wake uligusa kitambaa, kisha bega. Alivuta kamba mara tatu, kama alivyofundishwa, akabaki hapo ameshika lile bega mpaka wenzake walipomfikia. Akajikuta ndani ya giza lile anaongea na Véronique kwa Kihaya, lugha ambayo marehemu hakuijua.

Saa sita mchana yule bibi aliruhusiwa kumwona mwanawe. Alimfuta maji usoni kwa khanga yake, akamtazama kwa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha. Léoncie alikuwa nyuma ya gari akisuuza vifaa kwa maji ya dumu. Flaviana alisimama kando yake wakasuuza pamoja hata walipomaliza.

Jumapili mama yake alipiga simu kutoka Bukoba. Aliuliza habari za kazi, akauliza habari za baridi.

"Mama," Flaviana alisema kabla hajaulizwa, "mimi sikumwona. Nilikudanganya."

Upande wa pili ilisikika redio ya jirani na jogoo.

"Nilijua," mama yake alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie." Kisha akalia, kilio cha sauti, ambacho hakuwahi kukilia hata siku ya maziko, na Flaviana akabaki kwenye simu akimsikiliza mpaka salio lilipokwisha.