Mtaa Chini ya Bwawa

Jumatatu yake ya kwanza katika idara ya mkakati, Syntiche alikunywa chai, akafungua ramani ya mgodi na kubadilisha kipimo chake. Katika miaka yote ya uhandisi, sentimita moja ya karatasi yake ilikuwa mita tano za ardhi. Huku kwenye mkakati, ghorofa ya nne, walitaka kuona mgodi, reli na barabara ya mpakani kwa mtazamo mmoja, kwa hiyo sentimita moja sasa ilikuwa kilomita tano. Akaichapisha, akatia saini. Mtaa ulio chini ya bwawa la tope la mgodi, alikolelewa na mama yake mkubwa Marceline, ukawa nukta.

Jumamosi alikwenda kumsalimia. Paa la nyumba lilimfika kifuani. Marceline, aliyemfika kiunoni, alikuwa akisonga bukari. Kuku wake walikuwa wadogo kama shomoro.

"Ingia," alisema.

"Nitapita wapi, mama mukubwa?"

"Basi bakia inje. Bakubwa ba bureau njo vile beko."

Jirani akacheka nyuma ya ua.

Kilichobaki na kimo chake ni bwawa. Ukuta wake wa udongo ulisimama nyuma ya nyumba, na chini yake maji ya rangi ya kutu yalichuruzika. Syntiche alijua sababu: mfereji wa kutolea maji ulikuwa umeziba. Yeye ndiye aliyechora mfereji mpya. Usipochimbwa kabla ya mvua, ukuta ungelainika na kuanguka.

"Ulitwambiaka banachimba mbele ya mvula," Marceline alisema.

"Nilisema."

"Ulisema wakati ulikuwa ingénieur."

"Ningali ingénieur, mama."

"Basi chimba."

Aliporudi ofisini Syntiche alichapisha ramani ya zamani, yenye kipimo cha zamani, akaitia saini pia. Kwenye karatasi nyumba zilikuwa kubwa. Mtaani hazikurefuka. Ardhi ilikuwa inafuata ramani ya ghorofa ya nne.

Mpango wa mfereji ulipelekwa kwa mkurugenzi, Ruphin, mtu mpole asiyesahau kuuliza habari za familia.

"Huu mufereji unalinda nini?" aliuliza.

"Mtaa."

"Nionyeshe."

Syntiche aliweka kidole karibu na nukta. Ruphin aliinama, akapuliza karatasi akidhani ni vumbi. Nukta haikuondoka.

"Nyumba zake ziko na kimo gani leo?"

"Zinafika goti."

"Na mufereji?"

"Kilomita moja na nusu."

"Weye unajua hesabu kunipita, Syntiche."

Alijua. Mfereji wa urefu huo, kwa nyumba za kufika goti, haukuingia akilini katika mpango wowote. Alijua pia kwamba tope la bwawani halikupungua hata debe moja, lakini jedwali la mpango halikuwa na safu ya kuliandika jambo hilo, na kazi hii mpya alikuwa ameitaka kwa muda mrefu. Akaandika kwa mkono wake: mwaka ujao.

Ruphin alimuuliza Syntiche hali ya mama yake mkubwa. Syntiche alijibu kwamba ni mzima, anapungua tu.

Mwisho wa Oktoba mawingu yalijikusanya upande wa Luano. Syntiche alishuka garini chini ya bwawa. Hakuona mtaa. Aliona nyasi, na katikati ya nyasi mioshi mingi, myembamba kama nyuzi, ya saa ya kupika. Akapiga hatua moja, akanyanyua mguu kwa hatua ya pili.

"Mwana, simama," sauti ya Marceline ilitoka chini, nyembamba, bila hasira. "Uko karibu kukanyaga kanisa."

"Uko wapi, mama mukubwa?"

"Kwetu."

"Nitakubeba mu mukono. Twende kwangu Bel-Air."

"Na bengine?"

Chini ya ukuta maji yalikuwa yamejipatia njia, mkondo mnene kama kidole. Kandokando yake watu walikuwa wakiitana, mmoja akiuliza kama mtumbwi umerudi, mwingine akimwambia apige kelele zaidi, ng'ambo ni mbali.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye nyasi, na moshi mmoja ukazimika. Syntiche alibaki na mguu mmoja hewani. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na pa kuuweka.